Kutoka Mashine ya Chapa hadi Simu ya Mkononi: Historia Fupi ya Vifaa vya Kushirikiana katika Ufundishaji wa Lugha

Utangulizi

Kila mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda anaijua insha inayosomwa na mtu mmoja tu. Mwanafunzi huiandika usiku, mwalimu huipitia kwa kalamu nyekundu, alama huandikwa pembeni, na insha huishia sandukuni. Tangu sentensi ya kwanza mwanafunzi anajua kwamba msomaji wake hatafuti habari, anatafuta makosa. Baada ya miaka kadhaa ya kuandika namna hiyo, si ajabu kumkuta mhitimu anayezitaja ngeli zote kwa mpangilio, lakini akashindwa kumwelekeza mgeni aliyetoka Mwanza njia ya kwenda kituo cha basi.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo, kila tunapokutana na walimu wenzetu mazungumzo hufikia kwenye vifaa: kompyuta, projekta, simu na mtandao. Maombi hayo ni ya haki. Hata hivyo, kabla ya kuandika orodha ya ununuzi, tungependa kuwaalika wasomaji watazame nyuma pamoja nasi.

Kwa vifaa vya midia anuwai vya kushirikiana tunamaanisha vifaa vinavyounganisha maandishi, sauti na picha, na vinavyowawezesha wanafunzi kadhaa kutengeneza kitu kimoja na kukifikisha kwa watu wengine. Wengi hudhani vifaa hivyo vilikuja na intaneti. Makala haya yanaonyesha kwamba wazo lenyewe ni la zamani kuliko umeme katika shule zetu. Yanaonyesha pia kwamba faida yake haikutokana na mashine. Ilitokana na mambo mawili: kuwapo kwa msomaji au msikilizaji wa kweli anayeweza kujibu, na kuwapo kwa kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza peke yake.

Kiungani: wanafunzi wanaoandika kwa lugha isiyo ya mama zao

Tuanze karibu na nyumbani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misheni ya UMCA ilikuwa na shule Kiungani, Zanzibar. Wengi wa wavulana waliosoma hapo mwanzoni walikuwa watoto waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walitoka makabila mbalimbali ya bara, na kila mmoja alikuja na lugha yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza, kama kilivyo kwa wanafunzi wetu wengi leo.

Misheni hiyo ilikuwa pia na mashine ya chapa. Askofu Edward Steere, ambaye kazi zake juu ya Kiswahili zinajulikana na kila mwanafunzi wa isimu, aliitumia kuchapa vitabu, na vijana wa misheni walifunzwa kazi ya kupanga herufi na kuchapa. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu na mtunga kamusi, alitoa kwa Kiingereza kitabu cha simulizi za maisha ambazo wavulana wa Kiungani walikuwa wameziandika kwa Kiswahili: namna walivyotekwa, walivyouzwa na walivyofika pwani. Mwaka uliofuata, 1888, lilianza kuchapwa Kiungani gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Ndani yake zilikuwamo habari kutoka vituo vya misheni vya bara, zilizoletwa na walimu Waafrika, baadhi yao wakiwa wamepita shuleni hapo.

Hatuna budi kuwa waangalifu. Misheni ndiyo iliyomiliki mashine, na ndiyo iliyoamua kipi kichapwe. Simulizi zile zilitafsiriwa ili zisomwe Uingereza. Lakini tukilitazama jambo hili kwa jicho la mwalimu wa lugha, tunaona kitu kisicho cha kawaida. Mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani alikitumia kuwaeleza wenzake walio mbali mambo ambao wao hawakuyajua. Mwalimu aliyeko kituo cha bara aliandika, na rafiki yake wa zamani aliyebaki Zanzibar akasoma ili ajue nani amehama na nani amefariki. Lugha ya kujifunza ikawa lugha ya kupashana habari.

Bar-sur-Loup: mashine ndani ya darasa la watoto

Hatua ya pili inatupeleka kusini mwa Ufaransa. Célestin Freinet alijeruhiwa mapafuni mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza. Alipoanza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup mwaka 1920, pumzi haikumtosha kuhubiri darasani saa nzima. Ilimbidi atafute njia ambayo watoto wangefanya kazi zaidi ya mwalimu. Kwanza aliwatoa nje kutembea, kutazama mashamba na mafundi. Waliporudi darasani waliandika waliyoyaona. Shida ikawa ileile tuliyoitaja: maandishi yalifutwa ubaoni, na kitabu cha kiada kikafunguliwa kana kwamba matembezi hayakuwahi kutokea.

Mwaka 1924 Freinet alinunua mashine ndogo ya chapa ya mkono. Watoto walijadili habari gani ichapwe, wakaisahihisha pamoja ubaoni, kisha wakagawana mistari na kupanga herufi za risasi moja baada ya nyingine. Hapo faida ya kwanza ilijitokeza bila kutarajiwa. Mtoto anayepanga herufi kwa vidole hawezi kuruka silabi. Kosa la tahajia halikuwa tena dhambi mbele ya mwalimu. Lilikuwa dosari katika ukurasa ambao kundi zima lingeuonea aibu.

Faida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Darasa la Freinet lilianza kubadilishana kurasa na darasa la René Daniel lililokuwa Trégunc, katika pwani ya Bretagne, upande wa pili wa nchi. Watoto wa milimani waliwaandikia watoto wa pwani. Kila upande uliyaona maisha ya mwenzake kuwa mageni, na kwa hiyo kila upande ulilazimika kueleza. Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyo watoto wengi wa Bretagne walizungumza Kibretoni nyumbani, na Kifaransa kilikuwa lugha ya shule. Mtoto hakuandika Kifaransa ili apate alama. Aliandika kwa sababu kuna mtoto mwenzake aliyeuliza swali na anangoja jibu.

Harakati ya Freinet ilienea kwa walimu wengine wa vijijini, na haikubaki kwenye karatasi. Kinasa sauti kilipopatikana kwa bei nafuu baada ya Vita Kuu ya Pili, walimu wa harakati hiyo walikitumia vilevile walivyotumia mashine ya chapa: watoto walirekodi, wakakata na kuunga kanda, wakazituma kwa shule nyingine. Hivyo maandishi, sauti na picha vilikutana ndani ya bahasha moja miongo kadhaa kabla ya mtandao.

Barbiana: kuandika pamoja kwa vipande vya karatasi

Mfano wa tatu haukuhitaji mashine yoyote. Mwishoni mwa mwaka 1954 padri Lorenzo Milani alipelekwa Barbiana, kitongoji cha milimani katika jimbo la Toscana, Italia. Alianzisha shule kwa ajili ya watoto wa wakulima, ambao wengi wao walikuwa wameshindwa au kufukuzwa katika shule za serikali. Milani aliamini kwamba kinachowatenga maskini na wenye nguvu ni lugha: asiyeweza kujieleza hawezi kujitetea.

Mwaka 1963 shule hiyo ilitembelewa na Mario Lodi, mwalimu wa kaskazini mwa Italia aliyefuata mbinu za Freinet. Madarasa yao mawili yakaanza kuandikiana barua. Milani hakuwa mfuasi wa Freinet, lakini barua hizo ziliwapa wanafunzi wake nafasi ya kubuni utaratibu wa kuandika pamoja. Kila mmoja aliandika mawazo yake, wazo moja kwa kila kipande cha karatasi. Vipande vyote vililetwa mezani. Waliondoa vilivyorudiana, wakavipanga mafungu mafungu kwa mada, kila fungu likawa sehemu ya barua. Kisha ilianza kazi ndefu ya kupunguza maneno: neno lisilo na kazi liliondolewa, sentensi yenye mambo mawili ilikatwa. Mwishowe waliwaita watu wa nje, hasa wasiosoma sana, wasikilize. Pale ambapo msikilizaji hakuelewa, walioandika ndio waliorekebisha.

Kwa utaratibu huo wanafunzi waliandika kitabu kizima, Lettera a una professoressa, yaani barua kwa mwalimu wa kike, kilichotoka Mei 1967. Jina la mwandishi juu ya jalada ni Shule ya Barbiana. Kilikuwa shtaka la vijana waliofelishwa dhidi ya mfumo wa elimu uliowafelisha, na kilisomwa na kujadiliwa mbali na Italia. Milani alifariki tarehe 26 Juni mwaka huohuo.

Tunaweza kusema kwamba Barbiana ilikuwa na kila kitu tunachokitafuta leo katika programu za kuandika kwa pamoja, isipokuwa programu yenyewe. Jambo hili linatupa moyo, sisi tunaofundisha madarasa ya wanafunzi 80 wenye kompyuta mbili.

Maabara ya lugha na redio: vifaa visivyosikia

Historia ina upande wa pili pia. Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwezi Oktoba 1957, serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa mwaka 1958. Sheria hiyo ilimwaga fedha katika ufundishaji wa lugha za kigeni. Ilisaidia vyuo vikuu kufundisha lugha ambazo hazikuwa zikifundishwa sana huko, Kiswahili kikiwa mojawapo. Iligharamia pia maabara za lugha: vyumba vyenye safu za vibanda, kila mwanafunzi na kanda yake, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni, akirudia sentensi baada ya sauti asiyoijua.

Maabara hizo zilikuwa za kisasa kuliko kitu chochote ambacho Freinet au Milani aliwahi kukishika. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960, tathmini kubwa iliyofanywa katika shule za jimbo la Pennsylvania haikuona tofauti ya maana katika mafanikio ya wanafunzi waliotumia maabara ikilinganishwa na wenzao wasioitumia. Matokeo hayo yalizua ubishi mkali, na wapo waliosema kwamba kifaa hakikutumiwa ipasavyo. Kwetu sisi inatosha kutazama umbo la chumba. Mwanafunzi alitenganishwa na jirani yake kwa ukuta, na aliyezungumza naye hakuwa na uwezo wa kumsikia. Kinasa sauti kilekile ambacho kwa watoto wa Ufaransa kilikuwa barua, hapa kilikuwa kioo.

Redio iko katikati ya pande hizo mbili. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi kwa vipindi vya redio vilivyoacha nafasi ya kujibu. Sauti iliuliza, darasa zima likajibu kwa pamoja, sauti ikaendelea. Watoto walichangamka na kujifunza. Hata hivyo redio haikujua kama wamejibu sawa. Aliyejua ni mwalimu aliyesimama kando, na ndiyo maana vipindi hivyo vilihitaji mwalimu mwenye mwongozo mkononi.

Ndugu wasomaji, sisi wa Uganda tulilipa gharama ya somo hili hivi karibuni. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na kwa wanafunzi wengi hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na vijitabu. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na waliojitolea kuifanya wanastahili shukrani. Lakini ilikuwa njia ya kwenda tu, isiyo na kurudi. Mwanafunzi wa lugha aliyekaa karibu miaka miwili akisikiliza bila mtu wa kumjibu alirudi darasani akiwa ameuogopa mdomo wake mwenyewe.

Wiki na simu

Mwezi Machi 1995 Mmarekani Ward Cunningham aliweka mtandaoni kurasa ambazo msomaji yeyote aliweza kuzihariri papo hapo. Aliuita mfumo huo kwa neno la Kihawaii lenye maana ya haraka: wiki. (Wanafunzi wetu hucheka wakilisikia kwa mara ya kwanza, wakidhani ni kazi ya siku saba.) Kwa mfumo huo ilianzishwa Wikipedia mwezi Januari 2001, na Wikipedia ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003.

Kiswahili hakikusubiri hadi hapo. Mwishoni mwa mwaka 1994 Martin Benjamin, akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alianzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili katika intaneti ambamo watu waliotawanyika nchi mbalimbali walichangia maneno na maana zake. Na kuanzia mwisho wa mwaka 2009 kampuni ya Google iliendesha shindano ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania waliandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wengi kwa pamoja waliandika Kiswahili cha kitaaluma kwa ajili ya wasomaji wasiowajua, na kila msomaji aliruhusiwa kusahihisha.

Tofauti ya wakati wetu ni kwamba mashine ya chapa, kinasa sauti, kamera na posta vyote vimo mfukoni mwa mwanafunzi. Swali ni lile ambalo Freinet alijiuliza: mtoto atamwandikia nani?

Faida tulizoziona

Katika darasa letu moja la mwaka wa kwanza tulijaribu jambo dogo. Wanafunzi waligawanywa katika makundi ya watano watano. Kila kundi lilitumia simu moja kurekodi mahojiano mafupi sokoni, likapiga picha nne, likaandika maelezo, kisha likatuma vyote kwa WhatsApp kwa darasa la wanafunzi wa ualimu lililoko ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania. Rekodi moja ilikuwa na kelele za mvua juu ya bati kuliko maneno.

Majibu yaliyorudi hayakuwa ya kalamu nyekundu. Kundi moja liliulizwa: bei mliyotaja ni kwa shilingi zenu au zetu? Jingine liliulizwa kama "gari yake imepotea" na "magari zao" ni lugha ya mwenye duka au ya wanafunzi wenyewe. Swali hilo la pili lilizua mjadala wa upatanisho wa kisarufi uliodumu kipindi kizima, nasi tulikuwa tumelifundisha somo hilo mara tatu bila mtu kuuliza lolote. Wenzao nao walikwama kwenye neno "rolex". Ikabidi waelezwe, kwa Kiswahili, kwamba hapa si saa bali ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai.

Tukijumlisha, faida ni nne. Kwanza, mwanafunzi husahihisha kabla ya kutuma, kwa kuwa kuna mtu atakayesoma. Pili, stadi za kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika hufanya kazi pamoja, kama zinavyofanya maishani. Tatu, mwanafunzi dhaifu katika kuandika hupata nafasi ya kuwa hodari katika kuhoji au kupiga picha, na kundi humvuta. Nne, lahaja na mazoea ya Kiswahili cha sehemu mbalimbali huwa jambo la kuchunguza badala ya kuwa kosa la kuchekwa.

Matatizo yapo pia. Katika kila kundi yuko anayebebwa, kwa hiyo kila mmoja aandike jina lake kando ya sehemu aliyoifanya. Gharama ya bando isiangukie mwanafunzi mmoja. Anayehojiwa aombwe ruhusa kabla ya sauti au picha yake kutumwa. Na pasipo na simu, njia ya Barbiana ingali wazi: vipande vya karatasi, meza moja, na msikilizaji kutoka nje ya darasa.

Hitimisho

Tumepita Zanzibar, Ufaransa, Italia, Marekani na Kenya ili kurudi kwenye insha iliyo sandukuni. Watoto wa Kiungani, wa Bar-sur-Loup na wa Barbiana walitumia vifaa vya chini kuliko vile vya maabara za lugha za mwaka 1960, lakini walikuwa na mtu wa kumwandikia na wenzao wa kuandika nao. Chombo kilichowapa mambo hayo mawili kiliwafaa. Chombo kilichowanyima wenzao wa Marekani mambo hayo hakikuwafaa sana, hata kilipokuwa ghali.

Kwa hiyo, tunapoomba kompyuta, na tuendelee kuziomba kwa nguvu, tuambatanishe na ombi hilo swali la nani atasoma kazi za wanafunzi wetu. Idara imekubaliana kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi wa somo la mbinu za kufundishia ataandaa angalau zoezi moja lenye msomaji nje ya darasa lake. Walimu wa shule za sekondari na wa vyuo, wa hapa nchini na wa nchi jirani, walio tayari kubadilishana kazi na madarasa yetu wanakaribishwa kuwasiliana na idara kabla ya muhula kuanza. Tunao wanafunzi wengi wenye mengi ya kusimulia, na tunawatafutia wa kuwauliza maswali.